Krismasi ya Mombasa: Askari Naye Ana Zamu ya Kupumzika

Mwezi wa Desemba una sura mbili. Kwa raia ni mwezi wa kufunga kazi, kununua nguo za watoto na kukata tiketi za basi. Kwa askari na polisi ni mwezi wa kuongezwa malindo. Barabara hujaa magari, makanisa hujaa waumini, na wezi nao, ambao hawana sikukuu, huona kuwa msimu wao umewadia. Ndiyo sababu katika kambi zetu na katika vituo vya polisi Krismasi haitolewi kwa wote siku moja. Hugawiwa kwa zamu, na kila mwaka wamo waliopata na wamo waliokosa.

Makala haya tunawaandikia waliopata, na hasa wale waliokusudia kuila sikukuu mbali na nyumbani, penye joto, kando ya bahari, mjini Mombasa. Tuna jambo moja tu la kusema, nalo ni hili: mapumziko ni sehemu ya kazi ya askari, wala si zawadi, wala si utoro. Aliyepewa zamu ya kupumzika akaiharibu, atarudi kazini akiwa mchovu kuliko alivyoondoka, na mlinzi mchovu ni hatari kwake mwenyewe na kwa wenzake.

KWA NINI MBALI NA KWETU?

Hapana shaka mzee mmoja kijijini atauliza: "Kwa nini uende kwa watu, na kwenu kupo?" Swali hilo ni la haki, na yafaa lijibiwe kwa heshima.

Askari anayeshuka kijijini siku mbili kabla ya Krismasi ni nadra kupumzika. Kabla hajavua viatu, yupo ndugu mwenye ada ya shule isiyolipwa, yupo wa pili ambaye bati la nyumba yake limetoboka, na yupo wa tatu mwenye kesi ya mpaka wa shamba ambaye angependa afande aende naye kwa jirani, akasimame tu pale, asiseme neno. Siku ya tatu afande amekuwa benki, amekuwa hakimu, amekuwa mlinzi wa mtu binafsi. Siku inayofuata Krismasi huyo huyo anatafuta wa kumkopesha nauli ya kurudia kikosini. Wakati wote huo mkewe na wanawe wamemwona kwa mbali tu, kama walivyomwona wageni wengine.

Wako watoto wa askari wanaomjua baba yao, au mama yao, kwa sauti ya simu kuliko kwa uso. Mtoto wa namna hiyo akipewa siku sita na mzazi wake, mahali ambapo hakuna mtu mwingine anayemwita, amepewa kitu ambacho hakiuzwi dukani. Hilo ndilo tunalolitetea.

Hatusemi kwamba wazee watupwe. Mwacha asili ni mtumwa, nasi hatuwafundishi askari utumwa. Tunachoshauri ni utaratibu: fungu la wazazi litumwe kabla ya safari, kwa furaha na bila kusukumwa, waelezwe mapema kwamba mwaka huu sikukuu italiwa pwani, kisha wapewe siku nyingine iliyo yao, ya kuwazuru kwa utulivu.

NJIA YA KWENDA BAHARINI

Mtu aliyezoea ukungu wa Kabale au upepo wa miteremko ya Mlima Elgon hulijua joto la Mombasa mara tu anaposhuka garini. Mwezi wa Desemba mvua za vuli zinakwisha na upepo wa kaskazi unaanza kuvuma, ule ule uliokuwa ukiyaleta majahazi kutoka Arabuni na Ghuba. Mchana joto hupita digrii 30, na usiku shuka moja nyepesi yatosha.

Kutoka Kampala hadi Nairobi ni kama kilomita 650 kwa barabara, kupitia Malaba au Busia, na kutoka Nairobi hadi Mombasa zipo nyingine zinazokaribia 500. Reli iliyoitwa Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901, na Kampala mwaka 1931. Kwa miaka mingi abiria aliweza kusafiri kwa garimoshi kutoka Kampala hadi bahari ya chumvi. Shirika la reli la pamoja lilivunjika pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza mwaka 1977. Tangu mwaka 2017 ipo reli mpya kati ya Nairobi na Mombasa, ambayo huvuka nyika ya Tsavo, na mtoto akikaa dirishani huenda akawaona tembo wakiwa wekundu kwa vumbi la nchi ile. Lakini viti vya Desemba huisha mapema. Anayengojea wiki ya sikukuu ndipo anunue tiketi, atasafiri kwa bei asiyoitarajia au hatasafiri kabisa.

Tangu mwaka 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wameweza kuvuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa. Hata hivyo askari si raia tu. Kabla ya kitambulisho, iwepo ruhusa ya maandishi ya mkuu wake, yenye tarehe ya kwenda na tarehe ya kurudi. Silaha ibaki ghalani. Sare ibaki sandukuni. Cheo nacho kibaki kambini, kwa kuwa ng'ambo ya mpaka sajini na kanali wote ni wageni, na mgeni mwema hutii polisi wa nchi aliyomo bila kumwambia kwamba "hata mimi ni mwenzako".

NGOME ILIYOKOSA ZAMU

Mapumziko si kulala mchana kutwa. Mtu aliyezoea kuamka kwa tarumbeta hawezi kulala hivyo hata akijaribu. Basi na aitembelee Fort Jesus, ambayo wenyeji huiita Ngomeni, penye mlango wa bandari ya kale.

Ngome hiyo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, fundi Mwitalia. Wakaipa jina la Yesu. Jicho la askari litaona mara moja jinsi pembe zake zilivyopangwa, hata upande mmoja uweze kuulinda mwingine kwa mizinga. Lakini kuta hizo nene si somo kubwa la mahali hapo. Somo lenyewe ni la mwaka 1696, Waomani walipoizingira. Mazingiwa yakadumu kuanzia Machi mwaka huo hadi Desemba 13, 1698, siku 12 tu kabla ya Krismasi. Muda wote huo, walioanguka kwa maradhi ndani ya kuta walikuwa wengi kuliko walioanguka kwa silaha. Ngome ilipotekwa, waliokuwa wamebaki wakiilinda walikuwa wachache mno.

Ndugu msomaji, mtu anaweza kusimama juu ya ukuta ule na kujiuliza ni nini kilichowashinda. Ukuta haukuanguka. Walishindwa kwa sababu zamu haikuja, na walinzi wale wale waliendelea kulinda mpaka nguvu za mwili zikaisha. Kamanda yeyote anayeona kwamba kumpa askari likizo ni kumdekeza, angefaa kupelekwa Ngomeni kwa nusu siku.

Waingereza waliifanya ngome hiyo gereza tangu mwaka 1895 hadi mwaka 1958. Baadaye ikafanywa jumba la makumbusho, na mwaka 2011 shirika la UNESCO likaiandika katika orodha ya urithi wa dunia. Mtoto aliyechoka kusikiliza historia ataridhika kuigusa mizinga.

Jioni familia inaweza kwenda Mama Ngina, ambako watu wa Mombasa wenyewe hupunga upepo, wakila muhogo wenye pilipili na ndimu na kunywa madafu, huku meli zikiingia Kilindini mbele ya macho yao. Hapo panafaa kwa kumbukumbu nyingine. Mwezi wa Februari mwaka 1944 meli iitwayo Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo ikiwa na askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi na mabaharia. Manowari ya Kijapani iliizamisha karibu na visiwa vya Maldives tarehe 12 mwezi huo, wakafa watu zaidi ya 1,200. Kwa wengi wao Mombasa ndiyo nchi kavu ya mwisho waliyoikanyaga. Anayekaa pale leo na kikombe cha kahawa chungu mkononi, amekaa mahali ambapo wenzake wa zamani hawakupata nafasi ya kukaa.

KISWAHILI CHA AMRI NA KISWAHILI CHA NYUMBANI

Kiswahili kimekuwa lugha ya kambini kwetu tangu enzi ya King's African Rifles. Ni lugha iliyotuunganisha, lakini kwa kuwa tulifundishwa kwenye gwaride, wengi wetu twaijua zaidi kwa amri. "Wewe, leta chai! Haraka!" Sentensi hiyo ina maana kamili, na katika kantini haimchukizi mtu. Mombasa itamfanya mwenye mkahawa ageuke amtazame mgeni tangu unyweleni hadi ukuchani.

Pale mtu husalimu kwanza, akajuliwa hali, naye akajulia hali, ndipo shughuli ianze. Husema "tafadhali nipatie" na "ahsante". Mtu mzima huitwa mzee au mama, na kijana akimwamkia kwa "shikamoo" hufunguliwa mlango ambao fedha haziufungui. Askari atakayerudi na adabu hiyo ya maneno atakuwa ameleta zawadi kubwa kwa raia anaowahudumia. Polisi anayejua kusema "tafadhali" kwenye kizuizi cha barabara hapotezi mamlaka yake hata chembe. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Na Krismasi yenyewe je, katika mji wenye Waislamu wengi hivyo? Yapo makanisa makubwa na ya kale yatakayojaa usiku wa mkesha, na asubuhi inayofuata jirani Mwislamu atakupa mkono wa heri bila kusita. Mgeni naye ajue wajibu wake. Akipita Mji wa Kale avae nguo za stara, asimpige mtu picha bila idhini, wala asilewe mbele ya nyumba za watu. Kwa staftahi ale mahamri kwa mbaazi za nazi, na mchana wali wa nazi kwa samaki wa kupaka. Hivyo ataelewa mbona wenyeji hawana haraka.

Kaskazini ya kisiwa, ng'ambo ya daraja la Nyali, pako mahali paitwapo Kengeleni. Jina hilo latokana na kengele ya Frere Town, makazi yaliyoanzishwa katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Kengele hiyo iliwaita kanisani, na pia iliwatahadharisha penye hatari. Basi kengele moja ilikuwa ya ibada na ya ulinzi. Tunaona kwamba hiyo ndiyo hali halisi ya sikukuu yoyote.

DESEMBA 26, 2004

Jambo hilo halionekani mpaka siku linapohitajika, na kwa pwani ya Afrika Mashariki siku hiyo ilikuwa moja baada ya Krismasi ya mwaka 2004.

Alfajiri ya Desemba 26, kabla ya saa kumi kwa saa zetu, tetemeko kubwa lilitokea chini ya bahari karibu na Sumatra, katika Indonesia. Mawimbi ya tsunami yaliyotokana nalo yaliua watu zaidi ya 220,000 katika nchi zilizozunguka Bahari ya Hindi. Mawimbi yale yale yalikuwa njiani kuja Afrika, na yalihitaji saa kadhaa kufika. Fukwe za Kenya zilikuwa zimejaa watu, wenyeji na wageni, na watoto wakichezea maji.

Hapakuwa na mtambo wa tahadhari katika bahari hiyo wakati ule. Kulikuwa na habari za redio na televisheni, na kulikuwa na wakuu waliozisikia wakazichukua kwa uzito. Polisi wakapelekwa ufukoni kuwatoa watu majini. Bila shaka wapo walionung'unika: bahari yaonekana shwari, jua linawaka, mbona mwatuharibia sikukuu? Polisi hawakubishana nao. Umbali kutoka chanzo cha tetemeko ulisaidia, lakini na amri ile ilisaidia. Nchini Kenya alikufa mtu mmoja. Somalia, ambako wakati huo dola ilikuwa imesambaratika na hapakuwa na wa kuonya, walikufa watu karibu 300.

Yafaa kila polisi aliyekosa likizo akumbuke hesabu hiyo. Siku hiyo kulikuwa na watu waliokuwa wakipumzika, na kulikuwa na watu wa zamu. Waliopumzika walirudi nyumbani salama kwa sababu wa zamu walikuwapo, wakiwa macho, nao wakatii amri ambayo haikuwapendeza watu. Na tangu mwaka 2007 askari wa Uganda wamekula Krismasi nyingi mjini Mogadishu, penye joto lile lile na kando ya bahari ile ile. Huko bahari si ya kuogelea. Askari akijitosa majini Mombasa na akumbuke kwamba ufuko huo unaendelea kaskazini mpaka kwa mwenzake aliye lindoni.

Siku zile zile alionekana kiboko mchanga amekwama baharini karibu na Malindi. Watu wakamwokoa, wakampa jina la Owen, wakampeleka bustani ya Haller huko Bamburi, machimbo ya saruji yaliyogeuzwa msitu kwa kazi iliyoanza mwaka 1971 chini ya René Haller. Huko alijiegemeza kwa kobe mzee aitwaye Mzee, akawa haachani naye. Habari zao zilienea dunia nzima, na watoto watapenda kusimuliwa wakiwa katika bustani ile ile.

FEDHA, MAJI NA ULIMI

Sasa tuseme mambo matatu ambayo huwaharibia askari likizo.

La kwanza ni fedha. Desemba ina siku 31, lakini Januari ya asiyepanga huwa ndefu kuliko Desemba mbili. Kabla ya kuondoka, fedha zigawanywe mafungu manne: nauli ya kwenda na kurudi, chumba na chakula, ada ya watoto ya mwanzo wa mwaka, na akiba ya ugonjwa. Fungu la tatu lisisafiri. Libaki benki au lilipwe shuleni kabisa. Usisafirie nyota ya mwenzio: mwenzako akipanga hoteli ya ufukoni, wewe panga chumba mjini uende ufukoni kwa matatu. Maji ni yale yale, na ufuko wa umma wa Jomo Kenyatta huko Bamburi hauulizi mtu mshahara wake.

La pili ni bahari. Sisi watu wa ziwa hudhani tunajua maji. Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji hupanda sana na kukimbia sana. Anayetembea kwenda mwambani maji yakiwa yametoka, na aulize wavuvi yatarudi saa ngapi. Avae viatu vya mpira, maana wako samaki na viumbe wenye miiba. Asiogelee akiwa amekunywa pombe. Na mtoto asiachwe majini kwa kuwa tu baba yake ni komando.

La tatu ni ulimi, na siku hizi simu. Kikosi ulichotoka, idadi ya wenzako, mahali mnapokwenda mwezi ujao, si mazungumzo ya baa wala ya ufukoni, hata kama anayeuliza amekununulia soda na ana tabasamu zuri. Picha ya mtoto na kasri lake la mchanga inatosha kutumwa nyumbani.

KURUDI

Wapwani husema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Siku iliyoandikwa kwenye ruhusa ni siku ya kuripoti, na njia ya kurudi katika wiki ya mwaka mpya hujaa kuliko ya kwenda. Ondoka siku moja mapema. Mwenzako aliyelinda Krismasi anangojea kula mwaka mpya na watu wake, na kila saa unayochelewa unaitoa katika sikukuu yake. Mletee korosho au kipande cha halua, lakini kwanza mletee zamu yake, nawe uwe umeoga, umelala vya kutosha, na akili imetulia.

Kwa wote watakaopumzika, tunawatakia safari ya amani. Kwa wote watakaolinda, tunawashukuru tangu sasa. Krismasi njema na mwaka mpya wa heri.